PULI KUBWA HAIKEREZWI KAMA SHAFTI!

Ndugu wanaushirika,

Mashine yetu ya kusaga imelala siku tisa. Kina mama wanabeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili, na bado wako ndugu wanaopita karakana wakisema ati fundi mvivu, anazungusha mashine ya kukereza polepole kama anasindikiza maiti. Sisi tunawajibu hapa hapa ukutani: si uvivu, ni hesabu. Na waliotuponza ni hao hao wenye haraka.

Kumbukeni. Fundi alikereza shafti ya unene wa sentimita 3 kwa mizunguko 200 kwa dakika, ikatoka safi. Basi mmoja wetu, tena kiongozi, akaamuru puli mpya ya upana wa sentimita 30 nayo iende 200, "tumalize leo". Kumbe!

Tuliopita kisomo cha watu wazima tushike chaki. Upana mara 3.14 ndio mzingo. Mzingo wa shafti ni sentimita 9 na nusu hivi. Kwa mizunguko 200 chuma kinapita mbele ya kisu mita 19 kwa dakika. Mzingo wa puli ni sentimita 94. Kwa mizunguko ile ile ni mita 188! Kisu cha haispidi kwenye chuma cha kalibu kinataka mita 20 hivi. Waliopita mgambo wanajua: mstari ukigeuka, wa ndani anapiga hatua pale pale, wa nje anakimbia mpaka anatweta. Ndivyo ulivyo ukingo wa puli. Kisu kikaungua ncha, mashine ikatetemeka, mfereji wa mkanda ukatoka mawimbi matupu.

Sasa wanasema: basi tukwangue kidogo kidogo, kasi ibaki. Hapana! Chuma kikitoka kwenye kalibu kina gamba gumu lenye mchanga. Ukiligusagusa tu, kisu kinasagika bure. Mkato wa kwanza lazima uzame chini ya gamba, mizunguko ikiwa michache. Visu vya kabaidi vinastahimili kasi zaidi, lakini kabatini hamna hata kimoja, tusijidanganye.

Mashine yetu ni ndogo, bila gia ya nyuma haishuki chini ya 70. Gia ile haikuwekwa kwa urembo, jamani. Ikiingizwa tunapata 25, yaani mita 23 na nusu. Na fundi akikereza ubavu wa puli, akikaribia tundu la katikati anaweza kuongeza mizunguko, maana huko duara ni dogo. Haraka mnayoitaka iko hapo, siyo ukingoni.

Tunadai mizunguko iamuliwe na fundi, asiingiliwe na mjumbe wala mwenyekiti. Aliyeamuru 200 alete kisu kipya kwenye mkutano wa Jumamosi. Puli ya pili inafungwa kesho saa 2 asubuhi, gia ya nyuma ikiwa ndani. Atakayekuja kuhimiza aje na chaki.

Katibu wa Chama, Kijiji