Mbegu Bora Haizalishwi kwa Kibarua cha Miezi Mitatu

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, lakini mfugaji wa Rungwe au Hai akitaka kununua mtamba chotara mwenye mimba, mara nyingi ataandikisha jina na kusubiri. Sababu zinazotajwa tumezizoea: fedha za maendeleo huchelewa, fahali bora ni wachache, malisho hukauka. Zote ni za kweli. Ipo nyingine isiyopewa uzito wake, nayo ni aina ya ajira wanayopewa watu wanaoamka saa kumi usiku kwenye mashamba ya kuzalisha mifugo. Mengi ya mashamba hayo, ya serikali na ya watu binafsi, huajiri kana kwamba kazi yenyewe ni ya msimu, kama kuvuna mahindi. Kazi ya kuzalisha mbegu haina msimu, wala haiishi ndani ya mwaka.

Tupige hesabu. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na siku kadhaa. Ndama jike akilelewa vizuri huhimilishwa akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Akizaa, anakamuliwa siku 305 ndipo maziwa yake yalinganishwe na ya wenzake. Kwa hiyo aliyeamua leo kwamba ng'ombe huyu apewe mbegu ya fahali yule, jibu kamili atalipata baada ya miaka minne, tena endapo ukame na ndigana kali havikuingilia kati. Akitaka kujua kama mjukuu naye anafaa, aongeze miaka mingine kama hiyo. Kibarua anayeandikwa miezi mitatu mitatu hatakuwapo. Meneja anayehamishwa kabla ya mtamba wake wa kwanza kuzaa naye hatakuwapo.

Wapo watakaosema daftari litakuwapo. Hereni ipo sikioni, kadi ipo kabatini, na siku hizi baadhi ya mashamba yana kumbukumbu kwenye kompyuta. Lakini kadi hujazwa na mtu, na mtu huyo huandika anachokiona.

Chukua kazi ya kutambua joto. Zebu na machotara wake wana tabia ya kuonyesha joto usiku, tena kwa saa chache. Mhimilishaji mwenye cheti hufika asubuhi na mtungi wake wa naitrojeni, lakini hana la kufanya kama hakuna wa kumwambia ni namba ngapi aliyesimama akapandwa na wenzake saa tisa usiku. Anayejua ni mchungaji wa zamu. Ndiye aliyeuona ute mwangavu ukining'inia, manyoya yaliyochakaa juu ya shina la mkia, na tope la kwato za wenzake ubavuni. Kanuni ya kazi ni kwamba anayeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni, na wa jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata. Ukimkosa, unangoja siku 21. Ukimkosa mara tatu, zimepita siku 63 za kulisha, kuogesha na kuchanja mnyama asiye na mimba. Mchungaji aliyekaa na kundi miaka mingi anajua zaidi ya hapo. Anamjua yule asiyelia wala kupanda wenzake, ambaye dalili yake pekee ni kuacha pumba na kusimama mlangoni pa zizi. Anajua ni ukoo gani ambao mitamba wake huzaa kwa shida, na ndama wa nani huchelewa kusimama kunyonya dang'a. Mtu huyo akiondoka kwa sababu kibarua chake kimeisha, shamba limepoteza sehemu ya kumbukumbu ambayo haimo katika kadi yoyote.

Sasa tuitazame ngazi anayoweza kupanda. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, ina kampasi Tengeru, Mpwapwa, Buhuri, Madaba na kwingineko, na hutoa astashahada na stashahada. Juu yake kuna Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River hufundisha wahimilishaji. Vyuo basi vipo. Tatizo ni kwamba mlango wa LITA hufunguliwa kwa ufaulu wa kidato cha nne, na wachungaji wengi wameishia darasa la saba au hawakufika. Huyu hata akikaa zizini miaka kumi na tano hubaki "mhudumu", analipwa sawa na aliyekuja jana. Mwenye stashahada naye anaingia shambani akiwa na jicho kwenye halmashauri au wizarani, kwa sababu huko ndiko vyeo vilipo. Simlaumu. Muundo wenyewe umemwambia kwamba kupanda cheo ni kuliacha zizi. Matokeo yake ni kwamba mmoja hawezi kupanda na mwingine hawezi kubaki, na kundi linabaki bila mtu aliyelifuata tangu ndama hadi bibi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na shauku ya miaka ya karibuni kuhusu vijana na mifugo. Programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, BBT, iliwapeleka vijana kwenye vituo atamizi wajifunze kunenepesha ng'ombe. Ni jambo jema, na ninaelewa kwa nini lilipendwa: unanunua ng'ombe aliyekonda, unamlisha takriban miezi mitatu, unauza, faida inaonekana kabla mwaka haujaisha. Ila ng'ombe anayenenepeshwa lazima awe amezaliwa mahali, na kama amezaliwa na mzazi dhaifu, hakuna pumba wala mashudu yatakayompa umbo ambalo damu yake haina. Tumewaonyesha vijana mwisho wa mnyororo. Mwanzo wake, ambako faida huchelewa na ujuzi hukaa, hatujauonyesha kama mahali pa kujenga maisha.

Historia ya eneo letu imekwisha kutupa ushahidi. Kituo cha Mpwapwa kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1905, na katika karne hiyo watafiti na wachungaji wake walitengeneza ng'ombe wa Mpwapwa kwa kuchanganya damu ya Sindhi na Sahiwal kutoka bara Hindi, zebu wetu na Boran, pamoja na damu kidogo ya Ulaya. Walitaka ng'ombe wa nyama na maziwa anayestahimili ukame wa Dodoma, nao wakampata. Leo ng'ombe halisi wa Mpwapwa ni wachache. Kazi ya uchaguzi iliyohitaji mkono mmoja kwa miongo ilipita katika mikono mingi na bajeti nyingi zilizokatika. Nchini Kenya, wafugaji wa Boran waliunda chama chao mwaka 1951 na kukilinda kitabu cha nasaba. Kundi la taifa la Sahiwal limetunzwa Naivasha tangu miaka ya 1960. Kituo cha uhimilishaji cha Kabete kilianza mwaka 1946 na bado kinatoa mbegu. Sisemi wafanyakazi wa huko hawana malalamiko. Ninasema kazi yenyewe haikuanzwa upya kila mara.

Hoja ya upande wa pili ni nzito na inastahili jibu. Mameneja wengi watakwambia kwamba ajira ya kudumu huzaa uzembe: mtu akishajua hafukuziki, maziwa hupungua na ndama hufa bila maelezo. Wengine husema mashamba ya serikali yabinafsishwe tu, kwani mwenye mali ndiye mwenye uchungu. Uzembe upo. Lakini kibarua cha muda hakijauondoa. Kimeongeza wa aina yake, wa mtu asiyeona sababu ya kuamka saa tisa usiku kumtazama ng'ombe ambaye ndama wake hatamwona. Kuhusu mwenye mali, ni kweli kwamba kwenye shamba dogo la familia yeye mwenyewe ndiye kumbukumbu. Shamba likifikia ng'ombe mia tatu, hata yeye anategemea macho ya watu anaowalipa, na mara nyingi anawalipa kidogo sana. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, ilhali mtamba mmoja mwenye mimba huuzwa kwa mamilioni.

Kuna pia afya, ambayo haizungumzwi kabisa. Anayemvuta ndama aliyekwama kwa mikono mitupu, au kuokota kondo la nyuma la ng'ombe aliyetupa mimba, anaweza kuambukizwa brusela, ugonjwa wa homa za kujirudia na maumivu ya viungo yanayoweza kudumu miezi. Mwenye ajira hupimwa na kutibiwa. Kibarua akiugua, anabadilishwa.

Nini kifanyike? Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, imekuwa na utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo mwashi au seremala aliyejifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti. Utaratibu wa namna hiyo ufike mazizini, na LITA iupokee, ili mchungaji aliyebobea apimwe kwa vitendo, apate astashahada na kupanda cheo akiwa palepale na kundi lake. Wizara iunde cheo cha mzalishaji mwandamizi ambacho mshahara wake haumlazimishi mtu kukimbilia ofisini. Malipo ya ziada yafuate yanayopimika: muda kati ya uzazi na uzazi, na idadi ya ndama waliofika kuachishwa maziwa wakiwa hai. Hapo mzembe atajulikana bila kumtishia kila mtu kwa mkataba mfupi.

Na mashamba yako mbali. Kitulo iko juu Makete kwenye baridi kali, Nangaramo iko Nanyumbu, Mabuki iko Misungwi. Hakuna atakayejenga maisha yake pale ikiwa mtoto wake hana shule ya karibu na mkewe akijifungua hakuna gari la kumfikisha hospitali. Nyumba na usafiri wa wafanyakazi ni gharama ya uzalishaji sawa na naitrojeni, na viingizwe kwenye fungu hilohilo. Fedha za kuanzia zinaweza kutoka kwenye mitamba wenyewe: sehemu ya bei ya kila mtamba anayeuzwa ibaki shambani, isipelekwe makao makuu, itumike kwanza kwa nyumba za wachungaji na ada ya wale wanaokwenda kupimwa ujuzi.