Binamu kachungulia Shimo la Mungu!

 

Wiki hii nina stori ya binamu yangu wa Dar. Bwana huyu kashuka Masasi na begi la magurudumu, miwani myeusi na kamera. Nikamwonyesha milima yetu ya mawe, nikamwambia mwaka 1876 Askofu Steere aliwaleta hapa watumwa walioachiwa huru kutoka Unguja, wakaanzisha kijiji. Akapiga picha mbili, akauliza, "Ziwa liko wapi? Utalii ni msitu na ziwa, bwana!"

Kesho yake tukapanda basi la Newala, kwa bibi yetu. Huko juu uwandani ni mikorosho na vichaka vilivyosongamana hata mbuzi anaomba njia. Maji ndiyo hakuna. Mvua ikinyesha mchanga unainywa yote. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 na mashine yake ya kunasa nyimbo, alistaajabu Wamakonde kuishi mbali na maji namna hii.

Wenyewe wana jibu. Wazee husimulia kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, usiku ikageuka mwanamke. Walipokaa karibu na mto, mtoto akazaliwa amekufa. Wakasogea juu kidogo, wa pili naye akafa. Walipofika uwandani, wa tatu akaishi. Basi wakausia watoto wao: bondeni kuna maradhi, kaeni juu. Mimi naona hao walishaijua malaria kabla ya daktari.

Jioni bibi akatusindikiza Shimo la Mungu. Msomaji, usidhani ni shimo la kuchimbwa. Uwanda unakatika ghafla mbele ya miguu yako, chini bonde, mbali kabisa Mto Ruvuma, na ng'ambo Msumbiji. Binamu alichanganyikiwa! Picha huku, picha kule. Bibi kakaa chini, kageuzia bonde mgongo.

"Bibi, njoo uone!"

"Nione nini, mjukuu wangu? Nimeshuka huko miaka mingapi?"

Akatueleza. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, lakini mabomba yalipokauka wanawake walirudi kwenye njia yao ya zamani. Unatoka alfajiri na ngata na mtungi, unarudi jua la utosi. Siku moja mtungi ulimvunjikia njiani, karibu amalize kupanda. Akaazima mwingine, akashuka tena siku hiyohiyo.

"Baba yako nilikuwa nimembeba mgongoni," akamwambia binamu.

Jamaa akabaki na kamera mkononi. Baba yake huko Dar hajawahi kumsimulia habari hiyo. Akauliza njia yenyewe ni ipi, bibi akamwonyesha kwa kidole bila kugeuka. Picha hakupiga tena.

Usiku akaomba maji ya kuoga, ndoo mbili kama alivyozoea. Bibi akamletea nusu ndoo na kopo. Nilikaa tayari kusikia malalamiko, lakini wapi! Kaoga kimya, na yaliyobaki kayarudisha jikoni mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo.