Cheki ya tarehe ya mbele si malipo

Wauzaji wenzangu, mteja akibeba mzigo na kukuachia cheki ya mwezi ujao, hujalipwa. Umekopesha.

Wengi wetu husema, "Ikirudi nitampeleka polisi." Someni sheria kwanza. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu hapa Kenya kinasema ni kosa kutoa cheki ukijua akaunti haina pesa za kutosha. Lakini kifungu hicho hicho kinaiondoa cheki ya tarehe ya mbele. Kwa hivyo usimtishe mtu na polisi. Mdai deni lako.

Mimi naona afadhali umwandikishe hati ya ahadi ya kulipa: "Naahidi kumlipa fulani shilingi 48,000 tarehe fulani." Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Usikubali aongeze "nikishauza". Ahadi yenye sharti haihesabiki kama hati hiyo kisheria.

Siku ikipita, dai kwa maandishi: ni pesa ngapi, zilifaa kulipwa lini, unampa siku ngapi. Hata WhatsApp ni sawa kuanzia, bora usifute. Cheki iliyorudi pia usitupe, ni ushahidi wa deni.

Akinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai hadi shilingi milioni 1 na si lazima uwe na wakili. Ila usilale, deni la mkataba lina miaka 6 tu ya kushtakiwa.

Na mteja akikataa kusaini? Basi mzigo ubaki dukani.