Mazuku Hayafundishwi Ubaoni

Wapo wenzetu katika ualimu washikiliao kwamba sayansi ya ardhi haiwezi kufundishwa kwa Kiswahili, wala kwa vitendo, mpaka maabara ijengwe na vitabu viletwe. Twaipinga kauli hii, na shahidi wetu ni neno moja la Kiswahili cha Kivu: mazuku.

Watu wa Goma na wa kandokando ya Ziwa Kivu hulitumia neno hili kwa mashimo na mabonde ambamo mbuzi, na pengine binadamu, hukutwa amekufa bila jeraha. Wazee waliuita upepo mbaya. Wataalamu wa volkeno waliokuja na vipimo vyao walilichukua neno hilohilo, na leo limo katika maandishi yao ya Kiingereza na Kifaransa. Lugha iliyowapa wataalamu istilahi, sisi twaambiwa haina maneno ya kulitosha darasa la nne!

Mazuku ni hewa ya ukaa itokayo chini ya ardhi. Haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa kadiri ya mara moja na nusu. Kwa hiyo hutuama penye bonde, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Mlima Nyiragongo ulipolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, watu walikimbia moto waliouona. Mazuku hayaonekani. Mtoto akiyanakili maelezo haya kutoka ubaoni, atayakariri mpaka siku ya mtihani, kisha basi.

Sasa na achukue beseni. Asimamishe ndani yake vipande viwili vya mshumaa, kimoja kifupi na kimoja kirefu, mwalimu aviwashe. Kando yake, ndani ya beseni hilohilo, amimine siki au maji ya ndimu juu ya vijiko kadhaa vya magadi ya kuumulia mikate. Povu litafura, baada ya kitambo mshumaa mfupi utazimika, hali ule mrefu ungali ukiwaka. Hakuna aliyeupuliza. Darasa hunyamaza, nasi twaupenda ukimya huo kuliko ile "Ndiyo, mwalimu!" ya kuitikia kwa pamoja.

Tutaambiwa kuwa hiyo ni kazi ya mwalimu wa sayansi, yetu ni ngeli na insha. Je, maneno kama kutuama, kufura na kuzimika twayafundisha kwa kuyatazama kamusini tu? Insha ya mtoto aliyeshuhudia jambo haifanani na ile "Siku Nisiyoisahau" aliyoirithi katika daftari la kaka yake.

Wala hatuwadharau wazee. Wao walitambua mahali, saa na dalili, wakawakataza watoto kupita huko. Jaribio laeleza tu sababu ya katazo lao. Nalo katazo libaki palepale: jaribio ni la darasani, madirisha yakiwa wazi, na mwanafunzi yeyote asipelekwe kwenye mazuku yenyewe akajaribu mshumaa wake.

Mwalimu asiwe na haraka ya kueleza. Awaache watazame ni upi uliotangulia kuzimika. Hatachelewa kutokea mmoja wa kuuliza habari za mdogo wake, alalaye mkekani, sakafuni.