Kabla Hujaongeza Mashine, Hamisha Dumu

Najua kibaraza hiki kimekaa kimya wiki tatu nzima, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Tanga, likizo, na likizo yenyewe niliimalizia nimechuchumaa nyuma ya boti nikigonga ubao kwa mpini wa bisibisi. Leo nataka kuzungumzia boti hiyo. Ndiyo, boti! Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya siasa vumilieni kidogo. Mtaona kwamba hatujaenda mbali.

Boti ni ya mjomba wangu. Ni ya faiba, futi 14, imeundwa miaka ya 1970, kwa hiyo inanizidi umri na inastahili shikamoo yangu. Ina usukani wa duara kama wa gari, kioo kidogo mbele, na mashine ya kupachika nyuma, HP 40. Mjomba aliinunua alipostaafu. Kwake yeye ile siyo boti tu, ni kiinua mgongo chake kinachoelea.

Tatizo ni kwamba kwa mwaka mzima boti ilikuwa imeanza vituko. Ukiongeza mwendo, omo inapanda juu, inashuka, inapanda tena, inadunda kama pomboo anayecheza. Ukiachia usukani kidogo tu, inavuta kulia. Ukikata kona, mashine inapiga kelele ghafla kama inataka kuchomoka, halafu kasi inakufa. Na hata ikiwa imefungwa nangani bila mtu ndani, imelala upande wa kushoto.

Sasa sikilizeni tiba zilizopendekezwa. Jirani mmoja alisema boti imechezewa, kuna mkono wa mtu. Fundi mmoja alisema mashine ni ndogo, inunuliwe ya HP 60. Na mjomba mwenyewe? Mjomba alimfukuza kazi kijana aliyekuwa akiiendesha. Eti hana mkono, analewa usukani.

Kijana yule alikuwa ameendesha boti ile miaka minne.

Mimi sikuwa na habari na mambo hayo mpaka Jumamosi moja tulipotoka kwenda upande wa kisiwa cha Toten. Tulikuwa saba: mjomba, mimi, binamu zangu wawili na watoto watatu. Kusi ilikuwa inavuma na maji yamechafuka kidogo, si sana. Mjomba akakata kona, mashine ikalia, omo ikachimba wimbi, boti ikalala upande. Mtoto wa binamu yangu, wa miaka sita, aliteleza mpaka ukingoni, na kilichomzuia asitoke nje ni mkono wa dada yake. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika mchangani. Usiku ule mjomba alikula kimya. Baada ya chakula akasema, "Kesho kutwa nakwenda kuulizia ile HP 60."

Hapo ndipo nilipopingana naye. Na kwa mila za kwetu, kumpinga mjomba siyo jambo dogo.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Mjomba, boti hii ilikuwa nzuri miaka yote. Sasa imeharibika tabia. Basi kabla ya kununua kitu kipya tujiulize: nini kimebadilika? Katika kazi yangu ya uandishi, chanzo akibadilisha maelezo unamuuliza kulikoni tangu jana. Chombo nacho ni hivyo hivyo.

Akanipa siku tatu. Nikachukua daftari.

Tulikubaliana masharti mawili. La kwanza, tunabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, halafu tunajaribu pale pale, asubuhi maji yakiwa yametulia, watu wale wale wawili. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja boti ikapona, hujui umeponya nini. La pili, kila anayekaa chomboni anavaa jaketi okozi, na kamba ya kuzimia mashine inafungwa kwa anayeendesha. Kamba hiyo ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari nyumbani tangu siku mashine iliponunuliwa.

Tukaanza na uzito. Kumbe miaka miwili iliyopita mjomba alibadilisha mashine. Ile ya zamani ya mipigo miwili, HP 40, ilikuwa na uzito wa kama kilo 70. Hii ya sasa ya mipigo minne, HP ile ile, inakaribia kilo 100. Ongeza madumu mawili ya petroli ya lita 20. Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo kila dumu ni kilo 15. Ongeza nanga na minyororo yake. Halafu mwongeze mjomba mwenyewe, ambaye uzito wake sitautaja kwa heshima. Vyote hivyo vilikuwa nyuma, kwenye tezi! Boti imekalia mkia, unashangaaje omo ikiruka? Tukasogeza madumu na nanga mbele. Kudunda kukapungua nusu. Gharama: hakuna.

Pili, pini. Mashine za namna hii zina matundu kwenye bano lake, na pini ndiyo inayoamua mashine isimame wima au iinuke kwa nje. Ikiinuka mno kwa nje, inasukuma omo juu na boti inadunda. Ikibanwa mno kwa ndani, omo inachimba maji na boti inageuka kwa pua yake, na hiyo ni hatari zaidi. Yetu ilikuwa tundu la mwisho kabisa la nje. Tukairudisha tundu moja, tukajaribu. Tukairudisha la pili, kudunda kukaisha. Gharama: hakuna.

Tatu, kuvuta kulia. Propela ya mashine moja kwa kawaida huzunguka kama mishale ya saa ukiitazama kutoka nyuma, na mzunguko huo wenyewe unaupeleka usukani kulia. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka pezi dogo juu ya propela, chini ya lile bamba bapa. Lina boliti moja. Kama boti inavuta kulia, ncha ya nyuma ya pezi unaipeleka kulia kidogo. Najua inasikika kinyume, lakini maji yakilipiga pezi yanarudisha mashine katikati. La kwetu lilikuwa limegeuzwa kushoto, yaani lilikuwa linasaidia tatizo. Spana moja, dakika tano.

Nne, kelele kwenye kona. Lile bamba bapa linatakiwa kuwa karibu usawa na chini ya boti, au juu yake kwa inchi moja hivi. La kwetu lilikuwa juu kwa inchi tatu. Fundi aliyefunga mashine mpya aliweka kipande cha mbao chini ya bano, eti kupunguza maji yanayoruka. Boti ikilala kwenye kona, propela inameza hewa badala ya maji, mashine inapiga kelele na msukumo unapotea katikati ya wimbi. Tukaitoa mbao. Hapa pia kagueni urefu wa mguu wa mashine kabla ya kununua: mfupi ni wa boti yenye ubao wa nyuma wa inchi 15, mrefu ni wa inchi 20. Ukichanganya, hakuna fundi atakayekusaidia.

Tano, usukani. Mtu mmoja akaushika usukani usitikisike, mwingine akasukuma mashine kushoto na kulia kwa mkono. Ikacheza kama jino bovu. Nati moja ilikuwa imelegea, na waya ulikuwa na kutu. Hili lilitugharimu pesa, waya mpya, lakini ni senti ukilinganisha na HP 60.

Mpaka hapo mjomba alishaanza kutabasamu. Boti ilikuwa inakwenda kama zamani. Isipokuwa kitu kimoja: ikifungwa nangani bado ililala kushoto.

Na hapa nakiri kosa langu. Hili la mwisho ndilo nililopaswa kuanza nalo, kabla hatujaitoa mchangani hata mara moja. Nilimuuliza mjomba, zamani watu wangapi waliipandisha boti hii mchangani? Akasema wanne. Na siku hizi? Akafikiri. Wanane.

Boti nyingi za faiba za umri ule hazina faiba tupu. Ubao wa nyuma unaobeba mashine una plaiwudi ndani, imefunikwa kwa faiba pande zote mbili. Chini ya sakafu kuna povu la kuelea. Tundu la skrubu likiachwa wazi, maji yanaingia taratibu, miaka na miaka. Plaiwudi inaoza ikiwa imevaa shati safi, na povu linakunywa maji. Kila lita moja ni kilo moja, na haimwagiki kwa kata kwa sababu huioni.

Nikagonga ubao wa nyuma kwa mpini wa bisibisi. Juu ulitoa sauti kavu, ko, ko. Karibu na boliti za mashine ulitoa sauti ya papai lililoiva. Tukashika mguu wa mashine tukausukuma: ubao wote ukapumua. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetoboa tundu dogo kwa drili upande wa ndani. Yakatoka maji meusi na unga wa mbao uliooza.

Tukakaa chini wote wawili. Maana kila mmoja wetu alikuwa anapiga hesabu ile ile kichwani: HP 60, nzito zaidi, yenye nguvu zaidi, imefungwa kwenye ubao ule, na watoto watatu mbele.

Sasa nije kwenye hoja yangu.

Wako watakaoniambia haya ni mambo ya Wazungu na vitabu vyao, wazee wetu walikwenda baharini bila pini wala pezi. Jamani, ni kinyume chake! Wazee wetu ndio walioyajua haya. Lugha yetu ina neno farumi, uzito unaowekwa ndani ya chombo ili kikae sawa. Baharia wa mashua huhamisha farumi upepo ukibadilika. Mvuvi wa ngarawa hutoka akakaa kwenye mrengu. Hakuna nahodha wa tanga aliyesema chombo kimelala kwa hiyo nipe tanga kubwa zaidi. Ni sisi, tulipopata mashine, ndio tuliodhani nguvu inafuta makosa. Nguvu haifuti makosa, inayawahisha.

Na uzito haujali ukubwa wa chombo. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220 walipoteza maisha, kwenye kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101. Nililikumbuka hilo nilipopiga hesabu ya boti yetu. Wamarekani wana kanuni nyepesi kwa boti za kawaida zilizo chini ya futi 20: zidisha urefu kwa upana kwa futi, gawa kwa 15, unapata idadi ya watu. Yetu ni 14 mara 5, gawa kwa 15. Jibu ni wanne na ushee, na ushee hauna roho. Sisi tulikuwa saba. Kwa hiyo nami, mwandishi mwenye daftari, nilipanda boti ile siku ile bila kuhesabu.

Lakini linaloniuma zaidi ni kijana yule. Nilimtafuta. Nilimkuta Deep Sea, sokoni, anashusha samaki kwenye boti ya mtu mwingine. Nikamwuliza kama aliwahi kuona tatizo. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. Akasema, "Kaka, nilimwambia mzee boti imekuwa nzito. Nilimwambia mara mbili. Akasema mimi mvivu wa kusukuma."

Ndugu zangu, ndiyo hiyo siasa niliyowaahidi. Mtu aliyeshika usukani kila siku ndiye wa kwanza kujua chombo kinaoza, na ndiye wa kwanza kufukuzwa. Ofisini ni hivyo, chumba cha habari ni hivyo, nchi ni hivyo. Chombo kikiyumba tunamtafuta mtu wa kumlaumu, tukimkosa tunalaumu mkono wa mtu, tukichoka tunanunua mashine kubwa zaidi kwa mkopo. Kugonga ubao ni bure, ila kunaweza kutoa jibu ambalo mwenye chombo hataki kulisikia.

Boti sasa iko juu ya magogo, ubao wa nyuma umekatwa, povu linakaushwa na jingine linatupwa. Itachukua miezi. Mjomba alikwenda Deep Sea peke yake siku moja kabla sijarudi Dar. Sijui waliongea nini. Kijana hakurudi kazini, ana kazi nyingine. Lakini Ijumaa ile alipita nyumbani baada ya swala, akainama nyuma ya boti, akapitisha mkono kwenye mbao mpya, akamwambia mjomba matundu ya skrubu yazibwe vizuri safari hii.

Mjomba akasema, "Sawa mwanangu." Na akaandika.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi na tuanzie huko huko ngamani, tuangalie kuna maji kiasi gani. Naomba kutoa hoja.