Mgeni Katika Mji Mkubwa: Tokyo na Riruta



Sisi wakazi wa Riruta twaijua Japani kabla ya kuiona. Matatu nyingi zinazotuchukua kutoka Kawangware kwenda mjini ziliundwa huko, zikashushwa bandarini Mombasa zikiwa zimekwisha kutumika, na baadhi yake zingali na maandishi ya Kijapani milangoni. Hata sehemu ya barabara ya Ngong ilipanuliwa kwa msaada wa serikali ya nchi hiyo. Basi Mwenyezi Mungu aliponijaalia kuuzuru mji wa Tokyo kwa mara ya kwanza, nilitaka kujua jambo moja: mji wenye watu wapatao milioni 14 humpokeaje mtu asiyejua lugha wala njia?

Anza na stesheni. Shinjuku peke yake hupitiwa na watu zaidi ya milioni tatu kwa siku. Pamoja na wingi huo, mgeni haoni dhiki kubwa, kwani kila njia ya reli ina rangi yake, na kila stesheni ina herufi na nambari. Njia ya Yamanote huuzunguka mji kama pete, ina stesheni 30; aliyepitiliza kituo chake akitulia kitini, baada ya saa moja hivi atarudi pale pale. Watu hupanga foleni, hungoja wanaoshuka wapite, na ndani ya behewa hapana anayezungumza kwa simu.

Ukitoka nje ya stesheni, mambo hugeuka. Barabara nyingi hazina majina. Anwani hutaja mtaa, kisha kipande cha mtaa, kisha nambari ya nyumba. Na katika mitaa ya zamani nambari hizo zilifuata mpango wa kujengwa, hata nyumba ya tatu ikawa mbali na ya nne. Mtu wa Riruta hapa atatabasamu. Nasi huelekezana vivi hivi: shuka steji, mpite kinyozi, ukiona wauza mitumba uliza tena. Swali ni moja tu: utamuuliza nani, naye atakujibu kwa nia gani?

Watu wa Tokyo walilijibu swali hilo zamani. Tangu mwaka 1874 mji huo una vibanda vidogo vya polisi, viitwavyo koban, ambavyo leo vimeenea nchi nzima. Askari wa kibanda hulinda mtaa, lakini sehemu kubwa ya siku yake hupita akiwaelekeza waliopotea. Nilipokuwa nikiutafuta msikiti mkubwa ulio karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, askari wa kibanda kimoja alitandaza ramani, akanichorea njia kwa kalamu, kisha akatoka nje kuninyooshea mkono. Hatukuwa na lugha ya pamoja, na sikuihitaji.

Msikiti wenyewe una khabari yake. Walioujenga kwanza, mwaka 1938, ni Watatari waliokimbia Urusi baada ya mapinduzi ya 1917. Jengo lao lilichakaa likabomolewa 1986, na lililopo sasa, lenye kuba na mnara wa mtindo wa Kituruki, lilifunguliwa mwaka 2000. Wageni walipokewa, nao wakaacha nyumba inayopokea wageni wengine.

Kuna na la vilivyopotea. Sheria ya Japani humtaka aliyeokota kitu akipeleke polisi. Mwenyewe akijitokeza, aliyeokota ana haki ya kudai kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani yake; asipojitokeza kwa miezi mitatu, mali nyingi huwa yake aliyeokota. Waliosoma fiqhi watakumbuka mlango wa lukata, ambamo kitu cha thamani hutangazwa mwaka mzima. Mwenzangu wa safari alisahau mkoba wenye pasipoti ndani ya treni. Aliukuta stesheni kabla ya magharibi, haukupungua kitu.

Atakayejaaliwa kwenda akumbuke haya. Saa za kule ziko mbele yetu kwa saa sita. Kibla ni upande wa magharibi ukiinamia kaskazini, si kaskazini kama hapa Nairobi. Vyakula vingi hutiwa mvinyo wa mchele au mafuta ya nguruwe pasipo kuonekana, basi aulize kabla ya kula. Vyoo vingi vina maji ya kutawadhia. Hapo Muislamu atajiona yuko kwao.

Sisemi Tokyo ni pepo. Wako wazee huko wafao peke yao vyumbani, majirani wasijue kwa siku nyingi. Salamu tunazopeana vichochoroni Kibera na Kawangware ni mali ambayo mji ule hauna ya kutosha.

Ila salamu pekee hazimtoshi mgeni, na wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kila wiki hushuka hapa kijana kutoka Lamu, Kilifi au Kwale, ana begi moja na nambari ya simu ya ami yake. Simu ikinyakuliwa, hana tena wa kumwendea. Kitambulisho kikipotea, hukosa kazi na chumba, na yuko atakayemuuzia kile kile alichokiokota. Huyu ndiye ibn sabil tuliyemsoma vyuoni, mwenye fungu lake katika zaka.

Hatuna vibanda vya polisi kila kona. Tuna misikiti, wakala wa M-Pesa, kina mama mboga na waendesha bodaboda wanaoijua kila nyumba. Naomba kila msikiti wetu umteue mzee mmoja, ajulikane na wenye maduka ya karibu na steji, ili aliyepotea aelekezwe kwake. Na vitambulisho vilivyookotwa apelekewe yeye, avitangaze mlangoni baada ya sala, si ndani ya msikiti, kama walivyotufunza wanavyuoni, wala asitoze hata shilingi. Walio tayari kuanza wiki hii waonane na maimamu wao.