Kadi ya Chama na Dhamiri ya Mbunge



Wapendwa Taifa la Mungu, kila tarehe 22 Juni Kanisa humkumbuka Mtakatifu Thomas More, shahidi, ambaye mwaka 2000 Mtakatifu Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Wengi wetu twajua kwamba alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa sababu hakukubali kwamba mfalme ni mkuu wa Kanisa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1523 alikuwa Spika wa Bunge la Uingereza, na kwamba akiwa katika kiti hicho alimwomba mfalme awaache wabunge waseme kwa uhuru yale wanayoyaamini, pasipo kuogopa hasira yake.

Juma hili tunajiuliza: Je, Mtanzania mwenye dhamiri ya namna hiyo aweza kuingia katika Bunge letu bila kwanza kukata kadi ya chama? Jibu ni hapana, nasi tunasema waziwazi kwamba jambo hili si la haki.

Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977 yamtaka kila anayegombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Ibara ya 71 yaongeza kwamba Mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, kiti chake kinapotea. Bawabu aliyesimama mlango wa kuingilia ndiye huyo huyo aliyesimama mlango wa kutokea. Mwananchi mwenye kura hukaribishwa katikati tu, mara moja kila miaka mitano.

Tutazame matunda ya mti huu. Katika uchaguzi wa mwaka 2020, kati ya majimbo 264, chama kimoja kilipewa 256, na vyama vingine vyote vikabaki na 8. Juu ya hayo kulikuwa na viti maalumu 113 vya wanawake, ambavyo hujazwa kwa orodha za vyama; mpiga kura hakuona hata jina moja kati ya hayo kwenye karatasi yake. Hatuwadharau akina mama hao. Tunasema tu kwamba aliyepewa kiti na chama hujua vyema anadaiwa na nani.

Na deni hilo hulipwa namna gani? Mwezi Julai 2017 wabunge 8 wa viti maalumu wa CUF walivuliwa uanachama, na katika siku chache Spika akatangaza kwamba viti vyao viko wazi. Mwezi Novemba 2020 CHADEMA iliwavua uanachama wabunge wake 19 wa viti maalumu, nao wakaendelea kuketi bungeni kwa miaka. Katiba ni ile ile, matokeo ni mawili. Hatuingii katika kesi hizo. Twaona tu kwamba kote kuwili walioamua ni vyama, Spika na mahakama. Mwananchi alibaki mtazamaji.

Tukumbuke pia Kinondoni. Mbunge aliyechaguliwa mwaka 2015 kwa tiketi ya CUF alijiuzulu mwishoni mwa 2017, na Februari 2018 akagombea jimbo lile lile kwa tiketi ya CCM na kurudi bungeni. Mtu ni yule yule, jimbo ni lile lile; kilichobadilika ni kadi. Kwa ajili ya kadi hiyo fedha za walipa kodi zilitumika kuandaa uchaguzi mdogo, na katika vurugu za siku ya kuamkia kupiga kura binti mmoja mwanafunzi, aliyekuwa abiria ndani ya daladala, alipigwa risasi akafa. Mbele ya msiba kama huo, nani atatuambia kwamba habari za kadi ni mambo madogo?

Mwaka 2025 uzito wa jambo hili ulionekana zaidi. Mwezi Aprili CHADEMA iliondolewa katika uchaguzi baada ya kutotia saini kanuni za maadili. Tufanye chama hicho kilikosea: je, mwananchi aliyekiamini alikosea nini? Kwa kuwa hakuna mgombea binafsi, chama kikifungiwa, na watu wake wamefungiwa. Oktoba 29 na siku zilizofuata damu ilimwagika katika nchi yetu. Hatusemi kwamba mgombea binafsi peke yake angeizuia. Tunasema nyumba yenye mlango mmoja ni ya hatari siku ya moto.

Wako wanaodai kwamba jambo hili ni geni kwetu. Sivyo. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kile kimoja, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama bila baraka za chama. Tanganyika haikusambaratika. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, ilitamka kwamba mgombea binafsi ni haki. Bunge likabadili Katiba ili kuizima hukumu hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikarudia msimamo wake. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema suala hilo ni la kisiasa na ni la Bunge kuamua. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, pale pale Arusha, ikasema Tanzania inavunja haki za raia wake. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba nayo ilimkubali mgombea binafsi. Hata hivyo, uchaguzi wa 2025 ulifanyika bila yeye.

Wengine husema mgombea binafsi atanunuliwa na matajiri. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kura za maoni ndani ya vyama zingekuwa safi. Je, tumesahau kwamba mwaka 2000 sheria iliruhusu “takrima”, hata Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006? Wengine husema ataleta udini na ukabila. Basi tuwaulize jirani zetu wa Kenya na Uganda, ambako wagombea binafsi huchaguliwa na kuketi bungeni pamoja na wenye vyama.

Hatuvichukii vyama. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati Gaudium et Spes namba 75, wafundisha kwamba vyama viwepo kwa ajili ya manufaa ya wote, wala visitangulize faida yao wenyewe. Chama ni chombo. Chombo kikigeuka kuwa sharti la mtu kuhesabiwa raia kamili, kimekaa mahali pasipo pake.

Ndugu waamini, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tunapomchagua mwenyekiti twauliza: ni mwadilifu? Huwatembelea wagonjwa? Hutunza fedha za watu? Kwa nini tukitoka pale tuache maswali hayo, tuulize rangi ya kadi? Mjadala wa Katiba utakapofika kwenu, msikae kimya mkisema siasa ni uchafu. Dai hili mlitaje kwa jina, kwa amani na bila woga.

Mtakatifu Thomas More, utuombee.

Wenu katika Kristo,
Paroko